Maji ya Baba

Mwezi wa sita nilikwenda Ihanda kuona nyumba yetu ya zamani ikivunjwa. Ndugu walidhani nimefunga safari ili nizuie, wakaanza kunituliza kabla sijakaa. Wala. Nilitaka tu kuwapo. Mjukuu wa baba mdogo, kijana mwenye adabu anayetaka kujenga kwa matofali ya kuchoma, alikuwa ameshaangusha kuta tatu. Kwenye kona iliyobaki, karibu na jiwe la kusagia, alikuta kishimo cha mviringo sakafuni, laini kama kimepigwa lipu. Akaniuliza, "Bibi, hapa palikuwa na nini?" Nikamwambia palikuwa na maji ya baba. Akanitazama, akadhani safari imenichosha, akaniletea kiti.

Basi nikueleze wewe, maana wewe una subira.

Ukungu wa Mbozi enzi za utoto wangu haukuwa huu wa siku hizi unaoona haya na kuondoka saa mbili. Ule ulikaa. Kuanzia mwezi wa tano hadi wa saba ulishuka mapema alfajiri na mara nyingine saa tano ilikukuta bado huoni mti wa uani. Watu walisalimiana bila kuonana. Ulisikia sauti, ukaitikia, mkaulizana hali za nyumbani, kisha kila mtu akaendelea na njia yake bila kuwa na hakika amesalimiana na nani. Jirani yetu mmoja alikuwa na desturi ya kukohoa kwanza kabla hajasema neno, ili tujue ni mtu. Sisi watoto tulimcheka, ila asipokohoa hatukuitika.

Baba aliondoka katika ukungu kama huo, mimi nikiwa na miaka mitano. Vita vile vikubwa vya pili vilikuwa havijaisha. Wanaume wa kwetu walikuwa wakitembea kwa makundi hadi Tunduma, wanavuka mpaka, wanakwenda kuchimba shaba kwa Waingereza wa upande ule. Ninachokumbuka ni mgongo wake na blanketi lililokunjwa begani, halafu ukungu.

Siku hiyohiyo bibi, mama yake baba, alichukua mtungi mpya mdogo uliopakwa nta kwa ndani, akaujaza maji ya kijito alichokuwa akiogea baba alipokuwa mtoto, akaufunika kwa kipande cha kibuyu na kuuweka kwenye ile kona. Ulikuwa utaratibu wa wanawake wa upande wake, sijauona kwa watu wengine. Maji yale hayanywewi, hayaongezwi, na mtungi hausogezwi. Yakiwapo, msafiri anapumua. Yakikauka, watu wakae matanga. Kila mwezi ulipoandama, kesho yake asubuhi bibi alitumbukiza kijiti, akakitoa na kupima kwa vidole. Babu alipokwenda pwani zamani za Mjerumani, bibi alisema, maji yalikaa miaka miwili, na babu akarudi yakiwa yamebaki ya kulowesha kijiti tu.

Baba alituma barua moja na salamu mbili, kisha kimya.

Nilikuwa na miaka minane nilipoyasikia mazungumzo ambayo sikutakiwa kuyasikia. Nilikuwa ndani nikisaga ulezi, na bibi alikuwa nje na baba mkubwa, mchana kweupe.

"Yamebaki vidole viwili," bibi alisema. "Yakikauka kabla ya kuvuna, tutakaa matanga ya mwanangu."

"Na mkewe je?"

"Kurithiwa hataki, ameshaniambia mwenyewe. Atarudi kwao Chapwa. Mtoto atabaki hapa, huyu ni wa kwetu."

Niliacha kusaga. Niliinuka nikachungulia. Mama alikuwa amekaa palepale karibu nao, akichambua maharage, na hakuinua kichwa. Nilifikiri ameshindwa kusema kwa uchungu. Nilikuwa mtoto wa pekee, ndugu yangu, na mama alikuwa ndiye dunia yangu yote. Nilijua Chapwa ni mbali, karibu na mpaka, na kwamba mwanamke aliyerudi kwao hurudi kabisa. Sikulia. Kesho yake nilikwenda kijitoni wa kwanza, ukungu ukiwa mzito hata sikuona miguu yangu, nikateka maji. Watu wote walipokuwa shambani nikaingia kwenye kona nikafunua mtungi na kumimina kwa kata. Nilijaza mpaka nusu tu, si zaidi, nisije nikajiumbua.

Mwezi ulipoandama bibi alitumbukiza kijiti, akakitoa, akakitazama. Akakaa chini sakafuni. Alilia, kisha akacheka, kisha akaniambia nikamkamate jogoo.

Hapo ndipo ilipoanza miaka ninayoiita mizuri. Sijaishi tena katika nyumba yenye furaha kiasi kile, na nimeishi katika nyumba nyingi. Bibi aliacha ukali. Baba mdogo alileta kuni bila kuombwa. Kila mlo baba aliwekewa sehemu yake, ugali wa ulezi wa moto wenye harufu ya moshi, maharage, majani ya maboga yaliyopikwa na karanga zilizotwangwa, na mwisho nilipewa mimi sehemu hiyo niimalizie, kwa hiyo nilinenepa. Jembe lake lilipakwa mafuta. Tulimtaja kana kwamba yuko bondeni tu na atapanda sasa hivi. Jioni wanawake wa jirani walikuja kutwanga kwetu, michi mitatu katika kinu kimoja kwa zamu bila kugongana, wakiimba nyimbo za kanisani na za kwao wakizichanganya, na mimi nikipepeta na kulamba unga mkononi. Mwalimu wa kanisa alikuja siku moja kutuonya kwamba ule mtungi ni upagani. Bibi akamkaribisha togwa, akamwambia, "Mwalimu, sisi hatuusujudii. Tunautazama tu." Mwalimu akanywa togwa, akauangalia mtungi mara mbili tatu kwa pembeni, akaaga mapema.

Sasa kuna jambo. Nilipoanza, nilidhani nitaongeza maji mara moja kwa msimu. Lakini maji yalikuwa yanaisha. Nilijaza nusu, baada ya siku tatu au nne nikakuta yamerudi vidole viwili, na huo ulikuwa wakati wa ukungu, ambapo hata nguo iliyoanikwa haikauki wiki nzima. Nilipapasa chini ya mtungi, pakavu. Nilitafuta ufa, haukuwapo. Ukitaka kujua mtoto anavyofikiri, nilifikiri hivi: baba anakunywa. Nilimwona huko chini ya ardhi walikoniambia watu wanachimba gizani, ana kiu, anakunywa kupitia kwenye ule mtungi. Nywele zilinisimama, lakini sikuacha. Nilikuwa nikiinama na kumnong'oneza, "Baba, kunywa taratibu, kijito ni mbali." Asubuhi nyingine nilisikia harufu ya tumbaku pale konani. Katika nyumba yetu baba peke yake ndiye aliyekuwa akivuta.

Mama naye alibadilika. Alikuwa akisimama mlangoni akiitazama ile kona, chombo mkononi, asiingie. Mara moja nilimkuta anazungumza na mtungi. Alisema kwa sauti ndogo, "Nimekusikia. Basi." Nilidhani ni mapenzi. Nilijisikia vizuri, nakuambia kweli, kwamba nimewaunganisha.

Mwaka uliofuata, ulezi ukiwa umeiva, nikashikwa na kichomi. Baba mdogo alinibeba hadi hospitali ya misheni, mwendo wa siku nzima, akaniacha na bibi. Mama ilibidi abaki kulinda ulezi dhidi ya ndege, maana ungeliwa wote. Nyumbani alikuwa peke yake. Nililala huko karibu mwezi, na katika homa yangu nilikuwa nikihesabu siku. Siku tatu, vidole viwili. Siku sita, yamekauka. Nilimwomba muuguzi aniruhusu niende nyumbani mara moja tu kisha nirudi, akanifunika blanketi. Bibi alilala kwenye mkeka chini ya kitanda changu na hakutoka hata siku moja, isipokuwa kwenda kunipikia uji.

Tuliporudi nilikimbilia konani kabla sijamsalimu mama. Nikafunua kibuyu. Maji yalikuwa yamefika mdomoni kabisa, yametulia, ukipumua karibu yake yanamwagika. Sikuwahi kuyajaza kiasi kile. Nilirudisha kibuyu polepole, nikatoka nje kumtafuta mama, nikamkuta jikoni. Alikuwa amekonda. Jiko letu lilikuwa kibanda cha peke yake uani, na alikuwa amehamishia mkeka wake humo. Alimwambia bibi kwamba nyumba kubwa ina baridi.

Tangu siku hiyo maji hayakupungua tena. Nilichungulia kila wiki nikiwa nimeshika kata yangu, na sikuwa na kazi.

Mwaka mmoja baadaye alikuja mtu kutoka upande wa pili wa mpaka, na sanduku la bati la baba. Alikaa uani, akavua kofia, akasema baba aliangukiwa na mwamba katika mvua za pili tangu aondoke. Nilihesabu. Mvua za pili zilikuwa zimeshapita muda mrefu siku ile nilipochota maji mara ya kwanza. Bibi hakuuliza lolote. Aliinuka, akaubeba mtungi mwenyewe kwa mikono miwili mpaka kijitoni, akamwaga, akauacha hukohuko. Matanga yakakaliwa. Mama aliulizwa kama anarudi kwao, akasema hapana, atakaa hapa. Watu wakamsifu. Mimi nilimkumbatia kiunoni nikijua kwamba amekaa kwa ajili yangu.

Bibi alifariki, mimi nikaolewa Ruanda ya hukohuko Mbozi, mama akazeeka peke yake pale Ihanda. Miaka yote hiyo alilala jikoni. Tulimjengea kitanda kizuri katika nyumba kubwa, akaweka mahindi juu yake. Nilipokuwa na wajukuu tayari, siku moja nilimtembelea, tukakaa jikoni tunachambua maharage. Tulikuwa tumezikumbuka zile nyimbo za kinuni, tumecheka habari za mwalimu na togwa lake. Nikaona sasa naweza kusema, imeshakuwa hadithi tu.

"Mama, yale maji ya baba, nilikuwa naongeza mimi."

Mikono yake ikasimama. "Wewe?"

"Nilisikia kwamba yakikauka utarudi Chapwa uniache."

Aliokota jiwe kwenye maharage, akalitupa nje. Kisha akasema, bila hasira, akiangalia ungo, "Mimi nilikuwa namwaga."

Nilidhani sijasikia vizuri. Akaendelea. "Kwetu alikuwapo mtu ananisubiri. Alisema atasubiri mpaka matanga. Na wewe nilikuwa nimeshapanga kukuiba, nisingekuacha, tungevuka mpaka tusiwape nafasi ya kukutafuta. Kila mkienda kijitoni nilikuwa namwaga kidogokidogo kwenye majivu, bibi yako asishtuke. Kesho kutwa nakuta yamerudi. Nikimwaga, yanarudi. Nikasema mume wangu amekufa na ananikatalia. Yule mtu akachoka kusubiri, akaoa."

Ule wakati wangu mzuri, ndugu yangu, ugali wa moto na michi mitatu na baba mdogo na kuni zake, ulikuwa ni mlango niliomfungia mama kwa nje. Nililia pale jikoni mwanamke mzima. Mama hakunibembeleza. Alikuwa anafikiri, na nikaona kitu kinaanza usoni mwake, kama mtu anayekumbuka alikoweka ufunguo.

"Basi niambie," alisema. "Ulipolazwa hospitali. Nilisema sasa namaliza, niko peke yangu. Nilimwaga yote. Nikaupindua mtungi, nikaufuta ndani kwa gauni langu mpaka ukakauka. Asubuhi yake ulikuwa umejaa hadi mdomoni. Nikamwaga tena, ukajaa tena. Ndipo nikahamia humu." Akanishika mkono, mkono wake ulikuwa wa baridi. "Ulitoroka hospitali? Ulikuja wewe?"

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na homa, na mwendo ulikuwa wa siku nzima, na bibi alikuwa amelala chini ya kitanda changu. Nilimtazama mama yangu, ambaye kwa zaidi ya miaka arobaini hakulala katika nyumba yake.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Nilitoroka. Mara mbili."

Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa upande wa kanga, akanipiga begani, akaniita mtoto mtundu. Jioni ile aliniambia niondoe mahindi kitandani. Alilala katika nyumba kubwa, na aliendelea kulala humo kwa amani mpaka alipofariki. Mimi, kila nilipokwenda kumtembelea, nililala kwa jirani.