Mwenye Msiba Asiingie Kwanza

Asubuhi ya siku ya sita ya mwaka mpya, Khuyên alikuwa amekaa kwenye kigoda cha plastiki nje ya mgahawa wa kahawa pale Đà Nẵng, Vietnam, kompyuta mapajani, akiutazama mlango wa ofisi yake ng'ambo ya kichochoro. Hatua ishirini tu, lakini alikuwa ameambiwa asiingie.

Hakuna aliyemtukana, tusimsingizie mtu. Bwana Nghiêm, mkurugenzi, alimwita pembeni kabla ya likizo ya Tết, sikukuu yetu ya mwaka mpya, akaongea kwa sauti ya chini kama anayeomba dawa dukani.

"Mdogo wangu, unajua tena mambo yetu. Wewe una msiba. Siku ya kufungua ofisi, subiri kwanza mpaka kazi ya kwanza ya mwaka isimame, ndipo uingie. Si mimi, ni wenye hisa."

Wenye hisa wa kampuni ile ni yeye na mkewe. Khuyên akajibu, "Hamna shida, kaka," kwa sababu hivyo ndivyo anavyojibu kila kitu, na alikuwa amechoka mno kujibu vingine.

Mumewe, Đoàn, alifariki mwezi wa kumi. Ini. Siku zote tatu kuu za Tết Khuyên alijifungia ndani, maana mwenye msiba habishi hodi kwa watu mwaka unapoanza, asije akawaachia mkosi. Wifi yake alimletea mikate ya mchele iliyofungwa majani, akaitundika getini, akapiga simu akiwa ameshafika kona. Na Khuyên mwenyewe miaka ya nyuma alimfanyia jirani yake mjane vilevile. Sasa amlaumu nani?

Kazi yake ukimweleza mtu haielewi. Kampuni inatengeneza programu za viwanda vya watu: stoo, mishahara, oda. Waandishi wa programu hawawezi kuchezea mfumo wa mteja wenyewe, kwa hiyo wanajengewa nakala yake kamili, kwenye mashine ya kukodi iliyo mbali huko, kwenye lile linaloitwa wingu. Unabonyeza kitufe, yenyewe inajijenga kwa dakika hamsini. Ikikataa, inakupa mstari mmoja mwekundu usiosema lolote la maana. Khuyên ndiye anayejua pa kuchungulia. Miaka kumi na mmoja sasa. Nakala ikisimama, hakuna anayekumbuka kuwa yupo. Ikianguka, anatafutwa mpaka chooni.

Mwaka huu kazi ya kwanza ilikuwa ya kiwanda cha majokofu cha Wajapani. Saa nane mchana watu wao wangeunganishwa waone nakala yao. Na kwa kuwa mkono unaoanza ndio unaoamua bahati ya mwaka mzima, kitufe alipewa Thảo wa mauzo. Thảo ana wazazi wote wawili hai, mume, mtoto wa kiume na wa kike, na mwaka wake wa kuzaliwa unapatana na wa mkurugenzi. Kuhusu mashine hajui hata moja, lakini nani alimuuliza hilo?

Saa tatu na dakika tisa kamili, saa iliyochaguliwa na mtabiri, ubani ulifuka mlangoni mbele ya kuku wa kuchemsha na wali mwekundu, Thảo akabonyeza, watu wakapiga makofi. Khuyên aliyasikia makofi mara mbili, kwenye simu na ng'ambo ya kichochoro.

Dakika hamsini baadaye, mstari mwekundu.

"Dada, jamani, imekataa!" Thảo alinong'ona kwenye simu. "Nimefanya nini mimi?"

"Hujafanya kitu, mdogo wangu. Tulia."

Khuyên akachimba kwenye kumbukumbu za mashine, akakuta ufunguo wa ruhusa uliisha muda wake siku ya pili ya Tết, wakati nchi nzima inakula. Akatengeneza mwingine kwa dakika tatu. Ila nakala iliyoishia njiani ilikuwa imeacha mabaki, na mabaki yale yalishikilia nafasi. Kampuni ilikuwa na mgao wa mashine moja tu ya ukubwa ule.

"Kaka Nghiêm," alisema kwenye simu, "nafuta mabaki ya mwanzo, halafu Thảo abonyeze tena."

"Kufuta? Leo?" Sauti ilipanda. "Weee! Siku ya kufungua unataka kufagia bahati yote nje?"

"Kaka, siyo kufagia. Ni takataka za mashine."

"Takataka ndiyo zinafagiwa! Hapana. Mwambie Thảo abonyeze hivyohivyo."

Kwetu kufagia kunakatazwa siku tatu za kwanza, na siku hiyo ilikuwa ya sita. Bwana Nghiêm alijiongezea tatu, za tahadhari. Khuyên alimweleza mara mbili kwamba nafasi imejaa, itakataa. Akajibiwa kuwa mwaka hauanzwi kwa maneno ya kukataa. Ubani ukawashwa upya, Thảo akanawa mikono, akabonyeza.

Ikakataa. Waandishi sita wa programu waliokuwa wakiisubiri nakala walikuwa wameshamaliza mbegu za alizeti na sasa walikuwa wanamaliza kuku. Simu ya Thảo ilikuwa imeachwa wazi mezani, na Khuyên akasikia mtu akisema, wala si kwa ubaya, "Lakini si amekaa palepale usawa wa mlango? Macho yake si yanafika mpaka huku?"

Kisha ujumbe kutoka kwa Thảo: *Dada, samahani sana sana. Kaka anaomba usogee mpaka kona.*

Khuyên aliusoma. Akausoma tena. Ilimuuma, asikwambie mtu. Alijaribu kukasirika, nguvu za hasira hazikuwepo. Miezi mitatu alikuwa ameamka kila siku, amefukizia picha ya mumewe ubani, ameenda kazini na kujibu "hamna shida," na sasa hata kuutazama mlango ilikuwa kosa. Mwenye mgahawa alipomwona ananyanyua kigoda akamuuliza, "We mama, kahawa mbaya?"

"Kahawa nzuri. Mimi ndiye mbaya."

Akakaa kona, kando ya fundi wa matairi ya pikipiki. Saa sita kasoro dakika kumi. Akihesabu vizuri, muda ulikuwa unatosha. Asipofanya kitu, saa nane Wajapani watakuta mstari mwekundu, na mkosi wa mwaka mzima utakuwa na jina, na jina litakuwa lake. Baada ya hapo hakuna ofisi itakayomwambia asogee kona. Ataambiwa abaki nyumbani.

Hakuomba ruhusa. Akafuta mabaki yote, moja baada ya jingine, kisha akabonyeza kitufe yeye mwenyewe, kwa mkono wake wa msiba. Akasubiri. Fundi akaziba matairi mawili.

Saa saba kasoro robo nakala ikasimama. Huko ofisini kelele zikalipuka, ngoma ndogo ya sherehe ikapigwa, Thảo akawa anapiga mayowe, "Imekubali! Imekubali!" bila kuuliza imekubalije.

Bwana Nghiêm aliuliza. Alikuja mwenyewe mpaka kona, jasho usoni, akachuchumaa kando ya kigoda chake.

"Khuyên, imeandikwa jina la nani?"

"Langu."

"Linafutika?"

"Halifutiki, kaka. Anayebonyeza anaandikwa."

Akajikuna shingo. "Ukiibomoa yote sasa hivi, Thảo akabonyeza upya, tunawahi saa nane?"

Khuyên angeweza kudanganya. "Tunawahi."

"Basi mdogo wangu, nisaidie. Unajua mimi sina neno na wewe. Lakini mwaka mzima uanze na jina la mtu mwenye..." Hakumaliza.

"Hapana."

Bwana Nghiêm alidhani hakusikia vizuri. "Eti?"

"Nimesema hapana, kaka. Sibomoi. Đoàn alikufa kwa ini. Hakufa kwa sababu yangu."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia kuwa alikufa kwa sababu yake. Bwana Nghiêm mwenyewe alishtuka. Khuyên aliyasikia maneno yale yakimtoka, ndipo akatambua kwamba kwa miezi yote mitatu hakuwa akiyaamini.

Alifunga kompyuta, akavuka kichochoro, akapita kando ya ubani na mifupa ya kuku, akaingia. Ngoma ilinyamaza. Thảo alisimama, akaonekana kutaka kusema kitu, kisha akaondoa mfuko wake kwenye kiti cha Khuyên na kukifuta vumbi kwa mkono. Waandishi sita wa programu walikuwa wameinamia kazi, vidole vinakimbia, nakala inafanya kazi. Khuyên alikaa kwenye kiti chake, akaweka mikono juu ya meza, akalia mbele ya watu wote, na hakuna aliyemwambia asogee.