Nilifilisika Mimi, Rehani Ikabaki

Wakili aliniambia nikifilisika rasmi nitapata usingizi. Nilimlipa pesa zangu za mwisho ili nisikie maneno hayo. Ofisi yake ilikuwa Migori, juu ya duka la mbegu, na siku hiyo nilishuka ngazi zake nikijihisi mwepesi kama mtu aliyepona malaria. Mahakama ikishanitangaza muflisi, alisema, wanaonidai hawataruhusiwa kunigusa. Na walikuwa wengi, wacha tu. Walikuwepo akina mama wa Migori walioniletea mahindi kwa mkopo, mwenye dizeli, na fundi. Nilikuwa na mashine ya kusaga unga pale soko la Ndhiwa, nikiuzia shule za bweni. Shule zilikula unga. Kulipa, hapana. Kila mwalimu mkuu alinionyesha meno na kusema serikali haijatuma pesa, na huku bei ya dizeli miaka ile ya tisini ilipanda kila nilipogeuka.

Lakini deni lililonikosesha usingizi lilikuwa lingine. Mashine yenyewe nilinunua kwa mkopo wa shirika la serikali la kuinua wafanyabiashara wadogo, lenye ofisi Homa Bay. Kuinua! Walichukua hati ya shamba letu, lililokuwa kwa jina langu tangu baba afariki, kuwa rehani, na kwenye shamba hilo ndipo lilipokuwa boma la mama yangu. Baba alizikwa pale, karibu na nyumba, na kando yake iliachwa nafasi ya mama. Kwetu Wajaluo jambo hilo si la mzaha. Mwanamke aliyeolewa hazikwi kwao alikozaliwa. Anazikwa dala, yaani kwenye boma alilojengewa na mumewe. Mama alikuwa amezeeka na kifua kilimsumbua. Hakutaka mali yoyote kwangu. Alitaka kufia nyumbani kwake na kulazwa kando ya mzee wake, basi.

Nikatangazwa muflisi. Akina mama wa mahindi walinitukana sokoni mpaka wakachoka. Mmoja alinitemea mate miguuni, na sikumlaumu, kwa sababu alikuwa na watoto wa kulisha. Nikaenda Homa Bay na shingo yangu ngumu, nikamwambia afisa wa mikopo kwamba nimefilisika, deni limekwisha, anipe hati yetu.

Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

"Mzee," akasema, "hao wengine ndio wamezuiwa. Sisi tumeshika shamba. Mtu akifilisika, rehani haifilisiki naye."

"Ati?"

"Hatutakufuata wewe mfukoni. Tutauza shamba."

Nilimsihi mtu yule mpaka nikajionea haya. Nikamweleza habari za mama, kifua chake, kaburi la baba. Akanisikiliza, akafikiri, halafu akaniuliza kama ninaweza kupata mnunuzi wa sehemu ya chini, ile ya mtoni. Pesa hizo zikiingia, alisema, wao wataiachilia sehemu ya juu yenye boma. Nyasaye, Mungu wangu! Mnunuzi nilikuwa naye! Mwalimu jirani yetu alikuwa ameniulizia sehemu hiyo mara nyingi. Nilimshika afisa mkono kwa mikono yangu yote miwili.

Kisha akafungua faili langu, akasoma, akaacha kunitazama.

"Lakini wewe sasa ni muflisi, mzee. Mali yako iko chini ya afisa wa serikali kule Nairobi. Huwezi kugawa shamba wala kuuza kipande. Sahihi yako haina kazi tena. Ungekuja kabla ya kwenda mahakamani, jambo hili tungelimaliza hapa mezani."

Nilirudi Migori kwa wakili nikiwa nimewaka. Akaniambia, na miwani yake imekaa vizuri puani, kwamba sikumuuliza habari za rehani. Sikumuuliza! Niliinua kiti chake, na kama karani hangenidaka mkono, leo ningekuwa nasimulia habari za jela.

Nikaandikia Nairobi mwenyewe ili yule afisa wa serikali atie sahihi badala yangu. Jibu likaja kwamba barua yangu imepokelewa. Nikafunga safari, nikaambiwa faili limepelekwa Kisumu. Kisumu wakaniambia liko Nairobi. Nilisimama kwenye vibaraza vya ofisi zile nikiwa na njaa, sina hata nauli ya kurudi, nikiomba kuonana na watu ambao walikuwa wametoka kunywa chai. Mwalimu alingoja, akangoja, akanunua kwingine. Na siku moja madalali wakabandika tangazo la mnada kwenye ukuta wa ofisi ya chifu.

Tumaini likabaki moja tu, la kienyeji. Nani atanunua shamba lenye kaburi la watu? Wazee wenyewe walinihakikishia hivyo. Wa mbali ataogopa, walisema, na wa karibu ataona haya. Na mimi, mtu mzima niliyesoma, nikashikilia hilo kwa nguvu zangu zote. Nilimwambia mama asiwe na wasiwasi, hakuna mtu atakayethubutu.

Siku ya mnada watu walijaa uwanjani kwa chifu. Dalali alitaja bei, kimya. Akateremsha, kimya. Watu waliangalia miguu yao. Akateremsha tena, akaanza kukasirika, na mimi nikaanza kupumua. Hapo ndipo baba mdogo alipoinua fimbo yake.

Huyo alikuwa ndugu mdogo wa baba. Kaburi lile halikuwa la kumtisha, lilikuwa la ndugu yake wa tumbo moja. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyepaswa kumrithi mama kwa desturi, na mama akakataa. Alimwambia mbele ya watu kwamba yeye ameokoka, na kwamba shemeji ana wake wa kumtosha. Miaka yote tangu hapo alikuwa akipita langoni kwetu bila salamu. Sasa alikuwa ameuza ng'ombe. Watu waliguna, mimi nikamwaga matusi nisiyoweza kuyaandika hapa, lakini dalali hakujali. Akauza.

Jioni hiyo hiyo baba mdogo alikuja bomani na koti lake mkononi. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Shemeji, sikufukuzi," alimwambia mama. "Hili ni boma la ndugu yangu. Utakaa, na siku yako ikifika utalazwa pale kando yake. Lakini tukae kwa desturi. Acha nitundike koti hili ndani, watu waone, mambo yaishe."

Kwetu, koti la mwanamume likitundikwa nyumbani kwa mjane, mjane huyo amerithiwa. Kila mtu atajua, na kanisani atajulikana hivyo.

Akatoka kungoja nje. Nikampigia mama magoti, huku nalia.

"Mama, ni koti tu. Yeye mwenyewe amezeeka, hatakusumbua. Kubali, mama, tafadhali. Kubali ubaki na baba."

Mama aliniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo liliniumiza.

"Nyathina," akasema, kwani hata nikiwa na mvi aliniita mtoto wake, "shamba uliweka rehani, nikanyamaza. Sasa unataka kuniweka na mimi?"

Akafunga nguo zake kwenye leso, akachukua Biblia na sufuria moja. Alisimama kaburini kwa baba na kusema kitu ambacho sikukisikia. Kisha akapita mbele ya shemeji yake bila kumtazama, nami nikamfuata nikiwa nimebeba godoro.

Nilipanga chumba kimoja Migori, nyuma ya soko. Kifua kilizidi kwa ajili ya moshi na vumbi la pale, na mvua za mwaka uliofuata hakuzimaliza. Mwili ukiwa bado mochari, baba mdogo alimtuma mzee mmoja kwetu. Akasema nafasi kando ya baba bado iko wazi, na desturi inaruhusu koti kuingia hata sasa, mwenyewe akiwa amelala. Nikubali tu, na gari la kumpeleka nyumbani atalilipa yeye.

Nilimwambia yule mzee arudi akaseme kwamba mama alishajibu. Tulimzika Migori, katika uwanja wa kanisa, kati ya watu tusiowajua.