Msaragambo wa Jasi

Binamu yangu wa ofisini kanipigia simu niandike historia ya kampuni ya baba mkubwa, eti kwa ajili ya kijitabu cha sherehe. "Wewe ni mwalimu, dada, maneno unayo." Maneno ninayo kweli, ila hayatawafaa. Kwenye picha waliyochagua, baba mkubwa amesimama mbele ya lori na kofia ngumu kichwani, na chini yake imeandikwa "mwanzilishi". Mwanzilishi! Sururu ya kwanza aliishika baba yangu, mdogo wake, na shimo la kwanza lilichimbwa pembeni mwa shamba la mama yangu.

Shamba lenyewe liko tambarare, chini ya milima, upande wa Same. Sisi tunaishi juu, kwenye migomba na baridi, lakini mahindi na mbaazi tunalima chini. Mama akilima huko, jembe lilikuwa linagonga jasi, yale mawe meupe laini yanayoingia kwenye saruji na chaki. Kwake yalikuwa kero tu. Baba mkubwa ndiye aliyejua kwamba yana wanunuzi, hilo simnyimi.

Ila lori halikuweza kufika. Ndipo akafanya jambo ambalo lingewezekana kwetu tu: akaomba msaragambo. Kwetu Upare msaragambo ni kazi ya wote. Mnachimba mfereji, mnatengeneza barabara, mnajenga darasa, na asiyetokea anapigwa faini. Ukiitwa huulizi kazi ni ya nani. Watu wakashuka na majembe yao, Walutheri kwa Wakatoliki, wakafyeka njia siku tatu kwa uji na makande ya mama. Walimtengenezea mtu mmoja barabara ya biashara yake, bure, huku wanaimba! Nikikumbuka hasira inanipanda mpaka leo, maana nilikuwepo na niliimba kuliko wote.

Kampuni ikakua. Lori moja likawa matano, shimo likazaa mashimo, ikaja mashine ya kusaga inayotema vumbi mpaka mikonge ya jirani ikawa myeupe. Baba akafa, na jina lake halikuwa kwenye karatasi hata moja. Barabara ile ile ikawekewa geti na mlinzi, na mlinzi akawa anamuuliza mama yangu anakwenda wapi. Anakwenda shambani kwake, bwege wewe!

Kikabaki kipande kimoja cha mbaazi katikati ya mashimo, chote alichobaki nacho mama. Baba mkubwa akakitaka. Mara tatu alikuja nyumbani, na mara tatu mama alimpa chai na kumwambia, "Shemeji, hapo ndipo ninapokula. Hapana." Nilijivunia mama yangu siku hizo, acha tu. Yule mzee hakugomba. Alimaliza chai yake akaaga.

Wiki iliyofuata likaja tangazo kwenye grupu la WhatsApp la kijiji: msaragambo, Jumamosi, kupanua barabara ya chini. Mama, ambaye hajawahi kukosa hata mmoja, akanoa panga lake, nami nikafuatana naye. Tukapita getini pamoja na wenzetu. Mbele kidogo wote wakakunja kushoto, na huko hakuna kitu kingine isipokuwa mbaazi zake.

Nikamwona baba mkubwa amesimama pembeni, nikalipuka. "Baba mkubwa, huna haya? Hili ni shamba la mtu!"

"Mwanangu," akasema taratibu, "hapa hakuna changu wala chako. Hii ni barabara ya kijiji."

"Kijiji kipi? Kijiji kina lori?"

Watu wakatazama chini. Walikuwa majirani zetu, mama aliwapalilia walipougua na kuwapikia walipofiwa. Hakuna aliyeanza kukata, na hakuna aliyeondoka. Walikuwa wanamsubiri mama. Neno moja tu la mama na wote wangerudi mlimani, nakuapia, na shamba lingebaki letu.

Mama akainama akakata mbaazi ya kwanza.

Zilikuwa zimetoa maua. Kufika saa sita hapakusimama hata mche mmoja. Baba mkubwa akagawa soda, na mama akaipokea yake kwa mikono miwili. "Asante, shemeji," akasema.

Njia nzima ya kupanda nilimfokea mama yangu mzazi, Mungu anisamehe. Nilimwambia ni mwoga, nikamwambia amemzika baba mara ya pili. Alikuwa anatangulia, panga mkononi. Tulipofika kwenye kona ya mwisho akasimama, akanigeukia.

"Ningewakatalia watu msaragambo, wote wale wanaangalia," akasema, "siku yangu ikifika nani angenichimbia kaburi? Wewe peke yako?"