Ndege za mafunzo juu ya zahanati yetu: jinsi sheria ya kelele ilivyokaribia kutugharimu mtoto

Wakuu, salaam kwenu nyote. Kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu, leo nalitema. Sikuhadithiwa na mtu, yamenikuta mwenyewe. Majina ya watu nimebadilisha, na uwanja wa ndege sitautaja kwa sababu bado ni jirani yangu.

Mimi ni mkunga. Zahanati yetu iko nje kidogo ya Tanga mjini, vyumba vinne na paa la bati. Uwanja uko nyuma yetu tu. Miaka yote zilikuwa zinatua ndege mbili tatu kwa siku, hata hatuzigeukii.

Kisha ikaja shule ya urubani.

Kwa asiyejua: mwanafunzi wa urubani hujifunza kutua kwa kutua. Anashuka, anagusisha magurudumu chini, anapaa tena, anazunguka, anarudi. Wenyewe wanaita touch and go. Ndege moja inapita juu ya bati letu kila baada ya dakika chache, asubuhi mpaka adhuhuri. Zikiwa mbili, jihesabie.

Sasa kazi yangu mimi ni kusikiliza.

Kifaa cha betri cha kupimia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni kilikufa zamani. Cha kubadilisha tuliomba, tunaambiwa kiko njiani (njia ipi, sijui). Nimebaki na fetoskopu, kale kabomba kama tarumbeta ndogo: upande mmoja tumboni kwa mama, upande wa pili sikioni kwangu. Unahesabu dakika nzima. Ukipotewa katikati, unaanza moja.

Nikaenda uwanjani kulalamika. Meneja, tumwite Bwana Sefu, mtu mstaarabu, akaniagizia kahawa.

"Dada yangu, sheria ya kelele tunayo," akasema, akafungua faili.

Kweli ilikuwepo. Ndege hairuhusiwi kuruka chini juu ya makazi ya watu. Nikafurahi. Akaendelea kusoma: isipokuwa inapopaa au inapotua.

Wakuu, hawa wanafanya kitu gani kingine zaidi ya kupaa na kutua?

Akanipa fomu ya malalamiko. Inataka namba ya ndege, saa kamili, urefu iliokuwa ikirukia, na mwelekeo wa upepo. Mimi niko leba, glavu mkononi, mama ananishika kanzu, nitoke nje nikapime upepo!

Nikajaza nilichoweza. Ikarudi: haijakamilika. Nikajaza tena, safari hii namba ya ndege nikaisoma mwenyewe, jinsi ilivyokuwa chini. Ikajibiwa kwamba atakuja mtaalamu wa kupima kelele.

Akaja kweli. Akaja Ijumaa, karibu na saa saba, marubani wako msikitini. Akasimamisha kifaa chake uani, kikapima jogoo wa jirani na watoto wa madrasa. Akaandika kelele ni za kawaida, akaaga.

Nilikaa kwenye benchi nikacheka peke yangu. Si kicheko cha furaha.

Basi ikafika Jumatatu moja, saa nne asubuhi. Akaletwa Mwanaisha, binti wa Ushongo aliyeolewa huku kwetu. Mimba ya kwanza, uchungu umekolea. Aliyemleta ni mama mkwe wake, Bi Zuhura, mama wa makamo anayeuza mbaazi na mahamri hapo barabarani.

"Shikamoo, bibi," nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Nitazamie huyu, tangu alfajiri hajakaa chini."

Njia ilikuwa inafunguka vizuri. Nikainama kusikiliza. Nikafika sekunde ya ishirini, ndege hiyo. Bati lote likatetemeka. Nikangoja, nikaanza upya. Uchungu ukaja. Nikangoja upite, nikaweka sikio, ndege ya pili ikapita.

Mara ya tatu nikasikia kidogo tu, na nilichosikia sikukipenda. Moyo ulikuwa unakwenda polepole. Au ni mapigo ya mama ninayosikia? Nikamshika Mwanaisha mkono kulinganisha. Ndege tena.

Bi Zuhura akaniangalia usoni. "Nesi, kuna nini?"

"Bado nasikiliza, bibi."

"Mbona unasikiliza sana?"

Nikawaambia wote wanyamaze, kana kwamba kelele ni yao. Nikafumba macho. Safari hii nikapata dakika nzima ya kimya, na hesabu ikakomea tisini. Mtoto anatakiwa awe juu ya mia na kumi. Alikuwa anachoka.

Nikamlaza ubavu wa kushoto, nikamwekea dripu, nikapiga simu ya gari la wagonjwa. Ndani ya gari mimi nimepiga magoti, Bi Zuhura anasoma dua, Mwanaisha ananiuliza, "Anti, yuko hai?" Namjibu yuko hai, na moyoni sina uhakika.

Hospitali kubwa mjini wakamwingiza chumba cha upasuaji moja kwa moja. Kamba ya kitovu ilikuwa imemzunguka mtoto shingoni mara mbili. Alitoka kimya. Wakamhangaikia, kisha akalia, sauti ya kukwaruza. Msichana.

Bi Zuhura alikaa sakafuni pale pale akashika kichwa. Mimi nilikwenda chooni nikalia.

Kilichoniliza si kitovu, kitovu ni kazi ya Mungu. Ni zile dakika nilizozipoteza ningali nimeweka sikio pale pale panapotakiwa. Daktari hakunilaumu. Alisema tu, "Mngechelewa kidogo, hapa tungekuwa na habari nyingine."

Kesho yake sikujaza fomu. Nilikwenda kwa Bwana Sefu nikamwambia, "Leo sitaki kahawa. Njoo zahanati saa tatu, siku wanafunzi wanaruka. Mlete na mwalimu wao."

Nilidhani watanipuuza. Wakaja.

Nikamwomba ruhusa mama mmoja wa kliniki, mimba ya miezi minane. Akacheka, akakubali, "Wasikilize tu, hawamli." Nikampa mwalimu wa urubani fetoskopu, nikamwelekeza pa kuweka sikio. Akainama na shati lake la mabega ya dhahabu.

"Nasikia," akasema, uso ukamng'aa. "Anakwenda mbio!"

"Hesabu dakika nzima."

Mwanafunzi wake akapita. Mwalimu akabaki ameinama. Akakandamiza sikio zaidi.

"Amepotea," akasema.

"Ndiyo. Sasa niambie ni mzima au si mzima?"

Bwana Sefu alikuwa anatazama bati.

Baada ya wiki tatu ikabandikwa barua: siku za kliniki, Jumanne na Alhamisi, ndege za mafunzo zitazungukia upande wa bahari mpaka saa saba mchana, "hali ya hewa ikiruhusu." Nimeshukuru, sitakuwa mwizi wa fadhila. Lakini wakuu, tangu lini uchungu ukaja Jumanne na Alhamisi tu? Nimewaandikia kuuliza hivyo. Wamenijibu nijaze fomu.

Nilichojifunza: ukibishana na karatasi, karatasi hushinda. Mwenye sheria mfuate, mlete asimame pale inapokuumiza. Ningefanya hivyo mapema, Mwanaisha asingepitia yale.

Walioko jirani na viwanja vya mikoani, kwenu mizunguko ya mafunzo inaruhusiwa saa ngapi? Na mwenye uzoefu wa sheria za anga aniambie, hicho kifungu cha "kupaa na kutua" kinapingwa wapi? Semeni bila kuficha. Juzi Jumamosi nilikuwa na mama mwingine leba, na nilianza kuhesabu mara nne.