Shati la Mistari ya Kijani

Mwaka ule, kila Jumamosi, mimi na mama tulitoka mtaani kwetu Gatwekera asubuhi tukatembea hadi mtaa wa Kawangware kwa shangazi, dada yake marehemu baba. Mama alibeba chakula, mimi nikabeba mfuko wa nguo. Nguo zote mle mfukoni zilikuwa za watu waliokufa: baba, ndugu zake wawili, na dada yao mdogo. Waliondoka mmoja mmoja ndani ya miaka mitatu, kwa ugonjwa ambao siku zile watu hawakuutaja jina. Walisema tu, "alikuwa mgonjwa," kisha wakaangalia pembeni.

Shangazi alikuwa na cherehani ya miguu karibu na mlango wa chumba chake. Yeye ndiye aliyeamua kwamba nguo zilizobaki tuzikate vipande, tuviunganishe viwe blanketi moja, tumpelekee nyanya, mama yao, kule ziwani. Nyanya alikuwa amebaki peke yake katika boma lenye nyumba tupu. Kwenye kila kipande tulidarizi kitu cha mwenyewe. Baba alikuwa seremala, kwa hivyo alipata msumeno wa uzi mweusi wenye meno ya shanga nyeupe. Baba mkubwa aliyeuza samaki alipata samaki, na magamba yake yalikuwa vifungo vya mashati yake mwenyewe. Kazi ya kudarizi ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza darasa la nane na sikuendelea. Mikono yangu ni ya polepole, lakini hairudii kazi mara mbili.

Shangazi alikuwa na sharti moja. Kabla ya kukata nguo, aliyeshika mkasi aiinue juu na kusema kwa sauti ni ya nani. Wengine wakikubali, ndipo akate.

"Nguo ya mtu aliye hai haiingii hapa," alisema. "Hata uzi wake."

Sauti yangu ilikuwa haitoki mbele ya watu. Shuleni nilichapwa kwa sababu hiyo. Basi Jumamosi moja, mama na shangazi wakimcheka mzee mmoja wa kanisa aliyesinzia katikati ya maombi yake mwenyewe, nilitoa shati la mistari ya kijani lililokuwa juu kabisa mfukoni. Nililijua. Nikasema "la baba" moyoni mwangu, nikakata mgongo wake ukawa kipande cha mraba, nikakishona kando ya msumeno.

Mama alipoinama kuangalia, kicheko chake kilikatika.

"Hii umetoa wapi?"

"Kwa mfuko."

Aliinua kipande kwenye mwanga wa mlango. Kulikuwa na matone madogo ya rangi nyeupe, kama punje za chumvi. Baba hakuwahi kupaka rangi. Aliyefanya kazi ya kupaka nyumba rangi alikuwa kaka yangu. Shati lile lilikuwa la baba kweli, lakini siku ya kugawana nguo baada ya mazishi alipewa kaka, akawa analivaa kazini. Nilikuwa nimesahau kabisa, kwa sababu miezi mingi ilikuwa imepita bila kumwona nalo.

Mama alichukua wembe ili afumue. Shangazi alimshika mkono. Alisema kilichoshonwa pale kikitolewa ni kama kufukua kaburi, na yeye hawezi kujua kitakachofuata. Mama alisema mtoto wake hajafa. Shangazi alijibu kwamba hakuna aliyesema amekufa. Walishikana hivyo, wembe katikati yao, mpaka mama akauweka chini.

Wakati wa kurudi mama alitembea mbele yangu mpaka tulipofika Olympic, kituo cha karibu na kwetu. Hapo alisimama.

"Kaka yako asijue."

Tangu siku hiyo nikaanza kumwangalia kaka, na sikupenda nilichokiona. Mshipi wake ulikuwa na tundu jipya lililotobolewa kwa msumari, na mbele yake lingine jipya zaidi. Alilala mchana. Chakula alikwenda kulia nje, akisema ndani kuna joto, na kuku wa jirani wakazoea kukusanyika mlangoni petu saa za kula. Jirani mmoja alimtania kwamba amekonda kama mlingoti wa bendera, sijui ni demu gani anammaliza. Kaka alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kilikataa kuisha. Pengine mambo hayo yalikuwapo zamani. Pengine yalianza nilipokata. Sikuwa na njia ya kujua, na nilijilaumu kwa yote.

Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama natangulia. Nilipofika, shangazi alikuwa anatoka na mitungi kwenda kupanga foleni ya maji. Nilitandaza blanketi sakafuni nikaanza kufumua. Nilikuwa nimekata nyuzi tano au sita kivuli kilipoingia.

"Niaje, siste."

Alikuwa kaka. Alikuwa amenifuata kwa miguu, na njia ilikuwa imemshinda. Alikaa kwenye kizingiti, akapumua kwa muda.

"Weka hiyo wembe chini."

Nilianza kulia. Nilimwambia nimekosea, sikusema kwa sauti, nafumua sasa hivi na atapona.

"Hukukosea. Hiyo shati niliweka mimi. Niliifua, nikaikunja, nikaiweka juu ndio uione. Nilijua wewe huulizangi."

Alisema alikwenda hospitali miezi mitano nyuma, akaambiwa anao ugonjwa ule ule. Hakujua amwambie mama vipi. Mama alikuwa amezika wengi, na angesikia kwa mdomo angeanguka. Alifikiri mama akikiona kipande kwenye blanketi ataelewa kidogo kidogo. Nikamwambia kaka kwamba mama alikiona siku ile ile, akasema yeye asijue. Kaka alikuna goti lake.

"Utaniwekea nini hapo?"

"Brashi."

"Achana na brashi. Nimepaka manyumba za watu za kutosha. Niwekee goli." Alikuwa kipa wa timu ya mtaa. "Na mpira uweke nje. Ukiweka ndani watasema nilikuwa navuja."

Nilicheka, halafu nikaona aibu.

Alichagua uzi mweupe, akataka kuutunga yeye mwenyewe. Uzi ulipita kando ya tundu la sindano mara tatu. Sikumnyang'anya. Mara ya nne ukaingia. Nilishona milingoti kwanza, kisha wavu, polepole kuliko kawaida yangu. Matundu ya wavu niliyafanya madogo sana, ili yawe mengi.

Nje nikasikia sauti ya mama akisalimiana na wanawake. Nilishika pembe ya blanketi ili nilikunje. Kaka aliweka kiganja juu yake lisikunjike, akageuka kuangalia mlango.