Maji ya Bi Harusi

Juzi binti yangu wa miaka saba aliingia jikoni, hapa kwetu Kasubi, midomo imemkauka kwa saumu yake ya kwanza. Akaniuliza, "Mama, paka naye anafunga?" Nilikuwa nakoroga uji wa futari. Mwiko ukanisimama mkononi. Ewe rafiki yangu, kuna maswali yanamrudisha mtu mzima utotoni, yakamwacha amesimama juani na ndoo tupu.

Mimi nilikulia chini ya kilima cha Naguru, kwenye zizi la farasi. Usicheke! Kampala hii hii ya bodaboda ilikuwa na tajiri aliyefuga farasi sita wa kukodisha kwenye harusi, na baba yangu ndiye alikuwa saisi, mtunzaji wao. Sisi ni Wanubi, wajukuu wa askari, na Baba alisema kazi ya farasi aliikuta kwenye damu. Mama alishafariki. Tulikaa watatu, Baba, bibi yangu na mimi, katika vyumba viwili vilivyoegemea zizi. Hadi leo nikinusa nyasi kavu nasikia njaa, maana harufu ile ilichanganyika na gurusa, mikate ya bibi ikiiva kwenye kikaango.

Kati ya wale sita, wangu alikuwa Bi Harusi, jike mweupe aliyebeba maharusi hadi akazeeka. Meno yalikuwa yamelika, nyasi alizitafuna kwa shida. Baba akishaondoka na wale farasi wengine kwenda kwenye sherehe, mimi ndiye niliyemnywesha, adhuhuri na alasiri. Akimaliza ndoo aliniwekea kidevu kibichi kichwani, maji yakanitiririka shingoni. Nilimpenda, jamani. Sikuwa na ndugu, basi yeye ndiye alikuwa dada yangu.

Nilipofika miaka minane nikaanza kufunga. Bibi alinisifu, akaniambia, "Mfungo wa peke yako ni mzigo, mfungo wa wengi ni sikukuu." Nami nani wa kufunga naye? Watoto wenzangu pale zizini hawakuwepo. Nikaamua Bi Harusi afunge nami, tupate thawabu pamoja. Nyasi sikuweza kumzuia, Baba alishazijaza alfajiri. Lakini maji yalikuwa mikononi mwangu. Kila adhuhuri na kila alasiri niliteka ndoo, nikapita mbele yake, nikaenda kuimwaga kwenye dodo za bibi, mboga zake za majani. Alinifuata kwa macho. Nilimwambia, "Vumilia, magharibi haiko mbali," na jua likizama nilimpa ndoo moja tu. Dodo zikastawi hata bibi akashangaa.

Kilikuwa kiangazi kikali. Siku ya saba Baba aliporudi akamkuta anakwaruza ardhi kwa kwato na kugeuza shingo kutazama ubavu wake. Kinyesi cha tangu asubuhi kilikuwa vidonge vitatu, vikavu. Baba akabandika sikio kwenye ubavu, akasikiliza muda mrefu. Tumbo la farasi mzima hunguruma mchana kutwa. La Bi Harusi lilikuwa kimya.

Akaitwa daktari wa mifugo, Mganda mmoja mpole. "Muzee, maji anakunywa?" akauliza. Baba akanigeukia. "Mnyweshaji wake huyu hapa. Anakunywa, mamangu?"

Nikasema, "Anakunywa yote."

Niliogopa, basi. Daktari akadhani ni gesi, akamchoma sindano ya maumivu, akasema atembezwe. Magharibi ile tende niliirudisha sahanini. Bibi alikuwa na msemo, "Uongo hula futari kabla yako," na niliuona mdomo wangu umeshashiba.

Kesho yake mchana alikuwa amelala chini, hataki kuinuka. Daktari akavaa glavu ndefu, akaingiza mkono kwa nyuma hadi begani. Uso ukambadilika. "Hii tumbo imeziba. Ndani nyasi imekauka kama tofali. Farasi ya kunywa maji haiwezi kukauka hivi."

"Daktari, anakunywa," Baba akasema. "Mtoto wangu hasemi uongo."

Hapo ndipo nilipovunjika. Nikalia, nikasema yote, ndoo, dodo, thawabu. Daktari akavua kofia. Baba hakunipiga, na ninaapa ningependa anipige. Alinitazama tu, akasema, "Ungeniambia jana, mamangu."

Walimpitishia mpira puani hadi tumboni, wakammiminia maji ya chumvi ya kuharisha, wakaongeza mafuta ya parafini, yale ya dawa ya kulainisha tumbo. Wakamtundikia dripu. Baba akambembeleza asimame, wakazunguka uwanja hatua kwa hatua. Sisi tulisubiri kitu kimoja tu, mavi. Bibi, mwanamke wa haya kuliko wote niliowajua, alikaa kwenye mkeka na tasbihi, akaomba kwa sauti, "Ya Rabi, mpe mavi tu!" Tukacheka, wote, hata daktari. Ndicho kicheko cha mwisho ninachokikumbuka pale.

Hayakuja. Siku ya pili yake, kabla ya alasiri, Bi Harusi alikufa kichwa chake kikiwa mapajani mwa Baba. Magharibi Baba aliniletea maji mwenyewe. Nikakataa. Akanishikia kikombe mdomoni hadi nikanywa.

Zizi halipo tena. Tajiri aliwauza farasi, pakajengwa maghorofa, na pale kwenye dodo za bibi pana maegesho ya magari. Bibi ametangulia, Baba akamfuata. Hakuna hata mtu wa kumuuliza kama Bi Harusi alikuwa mweupe kweli au ni mimi ninavyomkumbuka. Tukio lile Baba hakulitaja tena maisha yake yote, na mimi sikumwomba msamaha. Nilidhani muda upo.

Basi nikaweka mwiko chini. "Hapana, mwanangu, paka hafungi. Kwa nini unauliza?"

Akainamisha kichwa, akavuta pindo la kanga yangu. "Mimi nilimwaga maji yake. Asubuhi. Tufunge wote."

Nilimjazia paka bakuli, tukachuchumaa sote wawili kumtazama akinywa. Binti yangu akaniuliza, "Mbona unalia, Mama, na mimi nimesema kweli?"

"Umeniambia leo," nikamjibu. "Ahsante, mamangu. Umeniambia leo."