Chumba Kisicho na Mtu

Shemeji yangu, mume wa dada, hatikisiki. Simsengenyi, mwenyewe anajua. Alipokuja nyumbani kwetu mara ya kwanza, alikaa kwenye kochi kimya hadi bibi akauliza kama mgeni ameshaondoka, na mgeni yuko mbele yake. Watoto wake wakicheza hujificha nyuma ya baba yao kama nyuma ya kabati. Kazini wanamwita Sanamu, naye huitika.

Kazi yenyewe ndiyo inamtaka hivyo. Anasoma slaidi za damu. Macho yako kwenye hadubini, kidole kinabonyeza kihesabio, na yeye anahesabu vimelea vya malaria sehemu moja baada ya nyingine. Mimi ndiye ninayezipaka rangi hizo slaidi katika chumba cha jirani, ndiyo maana vidole vyangu ni vya zambarau mwaka mzima. Zahanati hutuletea damu ya wagonjwa waliokwisha kumeza dawa, na yeye ndiye anayesema huyu amepona, huyu bado. Kuna siku slaidi nzima ina kimelea kimoja tu kimejibanza pembeni, na hicho kimoja ndicho kingerudisha homa. Ukimgusa bega katikati ya hesabu, anaanza upya. Hata hagombi, na hilo ndilo linalokutia aibu.

Basi tukajengewa jengo jipya. Jengo si mchezo: sola juu ya paa, mapazia yanayojishusha yenyewe jua likizidi, na kwenye dari ya kila chumba kijicho cha plastiki kinachoangalia kama kuna mtu. Mhandisi wa jengo, kijana mtanashati asiyebanduka kwenye tableti yake, alitueleza kwamba mlafi mkubwa wa umeme katika maabara ni hewa. Mitambo inavuta nje mvuke wa kemikali na kuingiza hewa safi saa zote, hata chumba kikiwa kitupu. Sasa jengo litajua lenyewe. Kijicho kisipoona mtu anasogea, taa zinazimika na hewa inapungua. Nilimpigia makofi, tena kwa moyo mmoja, kwa sababu katika jengo la zamani tulikuwa tunapoza vyumba vitupu utadhani tuna kisima cha mafuta uani.

Siku ya kwanza tu, niliingia na trei kwa shemeji nikakuta giza totoro. Taa ziliwaka kwa ajili yangu. Yeye alikuwepo tangu asubuhi, kainamia hadubini yenye kitaa chake, wala hakuwa na habari. Nilicheka hadi nikakaa chini. Jioni nilimsimulia dada, akasema kijicho kama hicho kingefaa nyumbani kwake, bili ingeshuka.

Kicheko kiliniisha siku ya kikao. Mkurugenzi, mama mmoja mwenye haraka zake, alituonyesha ukutani ramani ya jengo: vyumba vinavyotumika vyekundu, visivyotumika vya buluu. Kila alipopita Kiguu na Njia palikuwa pekundu kama nyanya. Huyu Kiguu na Njia ni mtu wa stoo, na kazi yake halisi ni simu. Anaongea huku anatembea, korido hadi korido, mara bei ya matofali, mara ugomvi wa binamu zake. Sikuwahi kumpenda. Chumba cha shemeji kilikuwa buluu kona hadi kona. Mkurugenzi akasema kuendesha chumba kisicho na mtu ni kutupa umeme, kitagawiwa, na hadubini iliyomo itahamishiwa ukumbi wa chini.

Ukumbi wa chini ndiko ziliko mashine za kuzungusha damu. Zikianza, meza zote zinatetemeka na kalamu zinaanguka. Nilisimama nikasema chumba kina mtu, na mtu mwenyewe huyu hapa kando yangu. Wote wakageuka. Shemeji alikuwa amekaa, ametulia tuli. Mhandisi akatazama tableti yake, akasema kwa adabu kwamba labda mzee huwa anachelewa kuja.

Kesho yake walikuja kuhakikisha. Mhandisi alifungua mlango, taa zikawaka, shemeji akaonekana mezani. "Naona ndiyo kwanza anaingia," akamwambia mkurugenzi. Nilikuwa na chupa ya rangi mkononi, na ilibaki kidogo tu nimmwagie.

Nikamwomba shemeji atikise hata mguu. Alijaribu ili kuniridhisha. Kila mara alipunga mkono hewani, kila mara hesabu ikapotea, na hadi mchana alikuwa amemaliza slaidi moja. Nikaning'iniza mfuko wa plastiki mbele ya feni ndogo ili upepee badala yake. Mhandisi akaja akaichukua feni, akisema inakula umeme bure.

"Naogopa ule ukumbi, shemeji," aliniambia siku hiyo, macho mekundu. "Nikipoteza hesabu, sijui nimwambie nini mgonjwa."



Chumba akakiomba Kiguu na Njia, akapewa. Akabeba kiti chake, akamwambia mkurugenzi kwamba hadubini ibaki palepale, haimsumbui. Haimsumbui! Kama vile shemeji yangu ni stuli. Na kwa kuwa kwenye ramani chumba hakikuwa na mtu, hakuna aliyekumbuka kumwambia shemeji atoke. Alibaki na hadubini yake, na mimi nikawa nasubiri kelele za bei ya matofali zipenye ukutani.

Kikao kilichofuata, chumba kilikuwa chekundu kuliko vyote. Mkurugenzi akamsimamisha Kiguu na Njia, akamsifu kwa bidii, tukapiga makofi. Mimi nilipiga kwa ncha za vidole. Baada ya hapo nilibeba trei, nikaenda kumpa Kiguu na Njia vidonge vyake, na maneno nilikuwa nimeyaandaa ya kutosha.

Viatu vyake vilikuwa nje ya mlango. Nikausukuma kwa nyonga. Kiguu na Njia alikuwa anaizunguka meza kwa soksi, taratibu, akiinua magoti kama anayepita penye mtoto aliyelala. Simu ilikuwa sikioni na mdomo umefungwa. Shemeji alikuwa ameinama, kidole kinabonyeza.

Kiguu na Njia aliponiona alikuja mlangoni. Nikamnong'oneza, anaongea na nani.

"Hakuna mtu," akasema. "Nimezoea, bila simu miguu haiendi."

"Na humu ulitaka nini?"

"Wakimpeleka kule chini atakosea. Yeye akikosea, mtu anakufa." Akatazama kama taa bado zinawaka. "Mimi nikosee nini? Mimi si sifanyi kitu."

Vidonge vyote nilivyomwandalia nikavimeza mwenyewe. Nilitaka kumwomba radhi pale pale, lakini alishaweka kidole mdomoni na kurudi kwenye mzunguko wake. Nikavua viatu vyangu, nikaingia kuweka trei mezani.